Shuka Jeupe Chini ya Gari Lililopinduka

Familia hii ilikuwa ya madobi. Baba alikuwa dobi. Mama alikuwa dobi. Binti yao, msichana wa sekondari, alikuwa dobi siku za likizo, apende asipende. Uani kwao kamba zilivuka kutoka ukuta hadi ukuta, na mashuka meupe yalining'inia kutwa. Ndani kulikuwa na meza mbili ndefu za kupigia pasi, na harufu ya sabuni ambayo haikutoka hata Mama akikaanga vitunguu.

Wateja wao wakubwa walikuwa kambi ya machimbo ya mawe, huko juu kilimani. Barabara ya kwenda kambini ilikuwa mbaya kupita kiasi. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, katikati mawe na makorongo. Gari dogo lisingefika. Ndiyo maana walikuwa na gari moja kuukuu, refu kwenda juu, la magurudumu makubwa, lililotengenezwa kwa njia za porini. Walilipa jina la Ngangari.

Baba alikuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa hawezi kuona doa akanyamaza. Akiona doa kwenye kola ya mgeni, mikono ilimwasha. Ngangari likirudi na matope, lilioshwa kabla Baba mwenyewe hajanywa maji. Majirani walimtania: "Dobi, ipo siku utasugua mpaka utoboe bati!" Naye alicheka tu na kuendelea kusugua.

Siku moja mchana, Mama alikuwa akipiga pasi foronya. Akasikia trekta likinguruma nje ya lango. Akachungulia dirishani. Trekta lilikuwa linavuta tela, na juu ya tela lilikuwepo Ngangari. Paa limebonyea. Kioo cha mbele hakipo. Mlango mmoja umefungwa kwa kamba.

Mama alitoka mbio, pasi ingali mkononi, waya ukiburuta chini.

Binti akashuka kwenye trekta. Alikuwa amejaa vumbi kichwa hadi miguu, na plasta kwenye paji la uso.

"Mama, tuko wazima," alisema harakaharaka. "Tumepinduka, lakini tuko wazima. Baba huyu hapa."

Mama aliiweka pasi chini. Alimpapasa mwanawe kichwa, mabega, mbavu, mikono. Alipomaliza akaanza tena upya. Halafu akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akishuka polepole huku amejishika kiuno.

"Imekuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nalipisha lori njia," Baba alisema. "Ukingo wa barabara ukamomonyoka chini ya tairi. Gari likalala ubavu. Likageuka. Likakaa kichwa chini."

"Kichwa chini!"

"Tukaning'inia kwenye mikanda kama popo," Binti alisema. Alijaribu kucheka, akashindwa.

Wachimba mawe ndio waliowatoa. Halafu waliligeuza gari kwa minyororo na kulipakia kwenye tela. Muuguzi wa kambi aliwapima wote wawili. Aliwaambia wapumzike. Alisema pia, kichwa kikizidi kuuma, au mtu akitapika, au akilala usingizi mzito asiamshike, wakimbie hospitali hapohapo. Mama alimtaka Binti ayarudie maneno hayo yote neno kwa neno. Binti akayarudia.

Trekta likaondoka. Walibaki watatu uani, wamepigwa na butwaa. Hakuna aliyejua afanye nini. Mikono ya Baba ilitetemeka, akaificha mifukoni. Langoni majirani walianza kukusanyika.

Sasa lisikilize kosa lenyewe. Usilicheke. Halikuwa kosa la mjinga, lilikuwa kosa la dobi.

"Wanakodoa macho kama wanaangalia maiti," Baba alinung'unika. Akachukua mpira wa maji. Akaanza kuliosha gari.

Mama hakumzuia. Alichukua brashi. Binti alichukua sponji, ingawa Mama alimwambia akae. Waliosha bodi. Waliosha magurudumu, na nyuma ya magurudumu. Waliinua boneti wakaosha injini kwa sabuni ya unga. Baba alilala chali akaelekeza maji chini ya gari, mpaka matope yote ya kilimani yakateremka mtaroni. Wote watatu walikuwa wanalia, kila mmoja kwenye povu lake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Lakini kuosha ni kazi waliyoijua. Taratibu mikono iliacha kutetemeka.

Ukiacha paa lililobonyea, gari liling'aa. Baba aliingia, akakalia kiti cha dereva, akakanyaga breki.

"Ngumu kama jiwe!" alisema kwa furaha. "Mnaona? Ni bati tu lililobonyea, na kioo kilichovunjika. Kesho asubuhi napeleka mashuka kambini. Na Binti atakwenda nami."

"Mimi?" Binti aliuliza.

"Wewe. Ukikaa nyumbani, woga utakuota mizizi. Hutapanda gari tena maisha yako yote."

Mama aliitupa brashi ndani ya ndoo. "Mtoto ametoka mdomoni mwa kifo leo hii, wewe unampangia safari! Njia ileile! Gari lilelile!"

"Nampangia kwa sababu nampenda," Baba alijibu.

Binti hakutaka kwenda. Lakini alimwona baba yake anavyojikaza, hakutaka kumvunja moyo. "Sawa, Baba," alisema, macho chini. Kisha akakaa juu ya beseni lililofunikwa.

"Ngoja kwanza tusikie sauti yake," Baba alisema, na kutia ufunguo.

"USIWASHE!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Wote waliruka. Jirani yao alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa fundi wa malori. Tangu ujana wake alishinda chini ya magari makubwa, na mtaa mzima ulimwita Shangazi Spana. Mama ndiye aliyemfulia ovaroli zake kila wiki. Alikuwa na moyo mzuri, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kama sabuni ya magadi.

"Toa ufunguo huo!" alifoka. "Utoe, nipe mimi!"

Baba akautoa, akampa.

"Nimetoka kazini sasa hivi, nasikia mmepinduka. Poleni. Poleni sana." Alimkumbatia Binti, akamtazama machoni. "Kichwa hakikuumi? Hutapiki?"

"Hapana, Shangazi."

"Haya." Akamgeukia Baba. "Kaka, gari lilikaa kichwa chini muda gani?"

"Muda mrefu. Mpaka wachimba mawe walipoleta minyororo."

"Basi sikiliza. Chini ya injini kuna oili. Gari likikaa kichwa chini, chini kunakuwa juu. Oili inamwagikia mahali isipotakiwa, inaingia mpaka ndani ya silinda. Kazi ya silinda ni kubana hewa. Hewa hubanika, lakini oili haibaniki. Ukiwasha, pistoni inapigana na oili kama inapigana na ukuta. Kitakachopinda ni chuma chako cha ndani. Injini imekufa hapohapo."

Baba alitazama ufunguo mkononi mwa Shangazi Spana.

"Na petroli je?" Shangazi Spana aliendelea. "Ikiwa imevuja mahali, na waya wa umeme umechubuka, cheche moja inatosha. Mngeungua wote mkiwa mmesimama hapa na masponji yenu."

Mama alimvuta Binti mbali na gari.

Shangazi Spana alinusa kuzunguka tangi la petroli. Kisha akafungua betri na kuziondoa nyaya zake, waya wa hasi kwanza. Akainama kutazama chini ya gari. Akanyanyuka taratibu, macho yamemtoka.

"Nani ameosha gari hili?"

Madobi wakatazamana.

"Nauliza, nani ameosha?"

"Sisi," Mama alisema. "Sote."

"Jamani! Jamani madobi!" Shangazi Spana alishika kichwa. "Gari likipata ajali, uchafu ndio unaosema! Tone la mafuta linakuonyesha palipopasuka. Jiwe lililokwama linakuonyesha palipogongwa. Sasa mmelisafisha kama sahani. Nitasoma wapi?"

Baba alikuwa mtu mzima, lakini wakati huo alionekana kama mtoto aliyevunja kikombe. "Tulikuwa tumechanganyikiwa, dada," alisema. "Hatukujua la kufanya. Tukafua."

Shangazi Spana alipumua. Hasira zikampungua. "Nawaelewa. Mimi nikichanganyikiwa hufungua nati. Haya, yamepita. Gari lisafishike, lisisafishike, ugonjwa kama upo utatoka tena. Lifuteni likauke, chini pia. Halafu nataka maboksi ya karatasi ngumu. Tutayatandika chini tuone kinachodondoka."

"Maboksi hatuna," Mama alisema. "Tuna mashuka."

Walilikausha gari kwa mataulo makuukuu. Mama akaleta mashuka yaliyochanika, meupe pe. Wakayatandika chini ya gari lote, kuanzia mbele mpaka nyuma. Shangazi Spana akaondoka na ufunguo. "Mtu asikanyage hata pedali moja," alisema.

Asubuhi alirudi na sanduku la vifaa. Alianza na injini. Alitoa plagi zote. Halafu alichukua spana kubwa, akaizungusha injini kwa mkono, polepole. Kutoka kwenye tundu la plagi ya pili kukasikika mlio wa kukoroma. Oili nyeusi ikafoka na kumrukia Baba kifuani, kwenye shati lililokuwa limetoka kwenye pasi muda huohuo.

Baba aliliangalia shati lake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona doa asilitaje.

"Oili hiyo ndiyo pistoni ingepigana nayo jana," Shangazi Spana alisema. Aliendelea kuzungusha mpaka matundu yote yakabaki makavu. "Sasa tuyavute mashuka."

Waliyavuta kwa uangalifu. Chini ya injini kulikuwa na doa jeusi dogo. Shangazi Spana alisema hilo ni la zamani, analijua. Chini ya rejeta, pakavu. Chini ya tangi, pakavu. Karibu na gurudumu la nyuma la kulia kulikuwa na alama ndogo, isiyo na rangi ya maana.

"Hayo ni maji ya jana," Baba alisema.

"Huenda," Shangazi Spana alikubali. "Tulikausha, lakini huenda yalibaki kwenye kona."

Mama alipiga magoti. Aligusa alama ile kwa kidole. Akasugua kidole na dole gumba.

"Maji yangekuwa yamekauka," alisema. "Na maji hayatelezi hivi." Akachota maji kidogo ndooni, akayamwagia palepale. Alama ikatawanyika na kupotea bila sabuni. Mama akanyanyua uso, na uso wenyewe ulikuwa umebadilika. "Oili ya injini haitoki kwa maji matupu. Hili limetoka. Dada, doa hili nalijua. Liko kwenye mikono ya ovaroli zako. Wewe mwenyewe uliniambia jina lake."

Shangazi Spana aliacha spana ikaanguka. "Mafuta ya breki," alisema. "Nenda ukanawe, hayafai kwa ngozi wala macho. Unaona sasa kwa nini nilifoka? Mafuta ya breki huoshwa na maji. Jana mliyaondoa yote."

"Lakini breki ni ngumu!" Baba alisema. "Nilizikanyaga mwenyewe!"

Shangazi Spana aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi imara, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki. Akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwa na masihara.

"Bomba la mafuta ya breki liligongwa na jiwe. Limepata ufa mwembamba kama unywele. Kaka, panda. Kanyaga breki, kidogo tu."

Baba akakanyaga. "Ngumu," alisema.

"Sasa kanyaga kama vile uko mteremkoni, na lori limetokea mbele yako."

Baba alikanyaga kwa nguvu zake zote.

Chini ya gari kitu kililia "pwa!" Mguu wa Baba ukazama mpaka sakafuni. Mafuta yakaruka na kulowesha shuka lote. Baba akakanyaga tena. Pedali ikaenda chini bila kushika chochote. Akakanyaga tena, na tena, kama mtu anayegonga nyumba isiyo na wenyewe.

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Binti aliitazama pedali, kisha akamtazama baba yake.

Baba alishuka. Akakaa kwenye saruji, juu ya mashuka. Mteremko wote wa kilimani ulimpita machoni, na kona zake, na bonde lake. Katika mawazo hayo alimwona Binti amekaa kando yake garini.

"Ningemuua," alisema. "Muda huu tungekuwa njiani. Ningemuua mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, huku nasema namfundisha ujasiri."

"Baba," Binti alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi sikutaka kwenda. Niliogopa kukuambia."

"Kwa nini mwanangu?"

"Ulikuwa unajikaza sana."

Baba alimvuta akamkalisha pembeni yake. "Uniambie," alisema. "Hata nikijikaza, uniambie."

Kuanzia hapo hakuna aliyemharakisha Shangazi Spana. Mashuka ya kambi yalifuatwa na trekta, na kambi haikulalamika. Shangazi Spana alilikagua gari kipande kwa kipande, na kila alichogusa alieleza.

Alitoa matairi kwenye rimu. Tairi moja lilionekana zima kwa nje, kumbe ndani limechanika, na rimu yake imepinda. Alishika kila gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Moja la mbele lilicheza, kwa sababu fimbo ya usukani ilikuwa imepinda. Alifunga uzi akapima chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kutoka kona hadi kona, kimshazari. Pande zote mbili zililingana, akapiga mluzi wa furaha.

"Na hii?" Binti aliuliza. Alikuwa ameshika mkanda wa kiti chake.

"Vuta mpaka mwisho. Unaona nini?"

"Nyuzi zimekatika hapa. Na hapa umevutika, umekuwa mwembamba."

"Ndiyo. Ulivutika kwa uzito wako. Mkanda uliokuokoa umeshamaliza kazi yake, hauwezi kufanya kazi hiyo mara ya pili. Tutafunga mipya, viti vyote viwili."

"Paa je?" Mama aliuliza. "Hatuwezi kuligonga tu kwa nyundo likanyooka?"

"Bati, ndiyo. Lakini tazama nguzo hii inayoshika paa. Imepinda. Nguzo iliyopinda ukiinyoosha kwa nyundo inabaki dhaifu. Mkipinduka tena, paa litawaangukia vichwani. Inabidi kuikata na kuweka nyingine, na kazi hiyo ni ya mchomeleaji anayeijua."

Mchomeleaji aliitwa, na kioo cha mbele, mlango, tairi, rimu na fimbo ya usukani vikabadilishwa. Bomba la breki likafungwa jipya, na mafuta mapya yakatiwa, na hewa ikatolewa kwenye mabomba. Oili ya injini ikabadilishwa. Gari lilipowashwa lilitoa moshi wa bluu, Mama akarudi nyuma kwa hofu. "Ni oili iliyobaki, inaungua," Shangazi Spana alisema. Punde moshi ukaisha.

Hawakwenda kilimani. Kwanza waliliendesha taratibu kwenye uwanja mtupu. Waliligeuza kushoto na kulia. Walifunga breki mara nyingi, polepole, halafu kwa nguvu. Waliporudi walikaza nati za magurudumu tena, na usiku ule Mama akatandika mashuka chini. Asubuhi yalikuwa meupe vilevile.

"Sasa ni gari," Shangazi Spana alisema, akamrudishia Baba ufunguo.

Safari hii Baba hakumwamuru Binti. Alimuuliza, "Utakuja, au utabaki na mama yako? Jibu lolote ni sawa."

Binti alifikiri. "Nitakuja," alisema. "Lakini ngoja kwanza."

Akainama akaangalia chini ya gari, gurudumu moja baada ya jingine. Akaugusa ubavu wa kila tairi. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki kwa miguu miwili, akashikilia pale huku anahesabu kimoyomoyo. Akauvuta mkanda wake ghafla kuona kama unashika. Mama alisimama mlangoni akitazama. Baba alisubiri nje, mikono nyuma, hakumwambia afanye haraka.

Walifika kambini salama, wakashusha mashuka safi na kupakia machafu. Wakati wa kurudi, mteremkoni, waliikaribia ile kona. Ukingo uliomomonyoka ulikuwa bado wazi, udongo wake mwekundu. Binti alishika kiti.

Mbele yao likatokea lori, linapanda, limejaa mawe.

Baba alikanyaga breki mapema, mbali na ukingo. Ngangari likapunguza mwendo, likasimama. Likatulia kabisa. Lori likapita, likanguruma, likapotea nyuma yao. Vumbi likashuka. Barabara ilikuwa tupu, lakini Baba hakuondoa mguu.

"Baba, limeshapita," Binti alisema.

"Najua, mwanangu." Machozi yalimchuruzika, hakuyafuta. "Acha kwanza nisikie breki inavyoshika."

Binti akaachia kiti. Akamngojea baba yake, mpaka mguu wake ulipoacha kutetemeka.